Nyumba ya Kwanza Hupatikana kwa Umri Gani?

Leo napenda kusema nanyi juu ya swali ambalo vijana huniuliza mara nyingi darasani: Je, mtu hupata nyumba yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka mingapi?

Huko Uingereza jawabu lake ni jepesi. Watu wengi hukopa fedha benki, wakanunua nyumba iliyokwisha kujengwa, kisha wakalipa deni kidogo kidogo kwa miaka 25 au zaidi. Siku ya kutia sahihi yajulikana, na umri wa mtu siku ile wajulikana pia; katika miaka hii wastani wake umezidi 30. Lakini hapa Dar es Salaam, mkienda Mbagala au Chamazi upande wa Temeke, ama Bunju upande wa Kinondoni, mkamwuliza mwenye nyumba aliipata lini, naye atawauliza ninyi: "Mwasema kiwanja, au msingi, au kuta, au siku niliyohamia?" Kwa maana nyumba zetu nyingi hazipatikani kwa siku moja.

Sababu yake ni hii. Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972 ili kuwakopesha watu fedha za kujenga, lakini mwaka 1995 ikafungwa. Mwaka 2008 ikatungwa sheria nyingine juu ya mikopo ya nyumba, na mabenki hukopesha. Illa hutaka mapato ya uhakika, na tena hati ya kiwanja. Fundi cherehani na mama muuza vitumbua aghalabu hawana vyote viwili. Basi wao huifanya nyumba yenyewe kuwa benki yao. Wakipata fedha hununua saruji, wasipopata, hungoja. Ndiyo maana twaona mapagale mengi pembezoni mwa mji, majani yameota ndani, na mpita njia husema, "Mwenyewe ameshindwa." Pengine hakushindwa, anangoja zamu yake ya upatu.

Sasa twaeni kalamu tufanye hesabu ndogo. Tofali la saruji lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Ukuta wenye urefu wa futi 10 na kimo cha futi 9 hutaka matofali 80. Kuta nne za chumba kimoja hutaka 320. Mtu anunuaye matofali 20 kila mwezi atayapata yote kwa miezi 16, na nafasi ya mlango na dirisha itafidia yale yatakayovunjika. Bado msingi, bado mabati, bado ujira wa fundi. Hata hivyo mwaona ya kuwa haba na haba hujaza kibaba. Mtu akianza ana miaka 25, haikosi atahamia mapema kuliko yule angojaye apate fedha zote kwa mara moja. Wala si lazima nyumba iishe ndipo ahamie. Wengi huingia chumba kimoja kikiisha kupauliwa, na ile kodi waliyokuwa wakimlipa mwenye nyumba, pengine ya miezi sita kwa mkupuo, huigeuza kuwa mabati ya chumba cha pili.

Lakini, wasikilizaji, msikimbilie matofali. Tofali laweza kungoja, karatasi haiwezi. Mji huu ulihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Watu wakiongezeka hivyo, viwanja hugombaniwa, na dalali asiye mwaminifu huweza kuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Fikirini kijana aliyenunua akiwa na miaka 28, akasimamisha kuta akiwa na 34, kisha akaja mtu mwenye karatasi ya tarehe ya nyuma kuliko yake. Kijana yule hakupoteza fedha tu. Amepoteza miaka sita ya ujana wake, na miaka hainunuliwi dukani.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, fanyeni mambo manne. Kwanza, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, mwulize ni nani ajulikanaye kuwa mwenye kiwanja. Majirani wa pande zote nao waje washuhudie mipaka. Pili, nendeni ofisi ya ardhi ya manispaa, mwone katika ramani kwamba pale si njia, wala shule, wala bonde la maji. Mvua za Desemba 2011 zilipofurika bonde la Msimbazi watu walikufa, na wengi wa waliopoteza makao walihamishiwa Mabwepande. Tatu, muuzaji akiwa na mke au mume, na mahali pale ndipo makao yao, wote wawili waridhie na kutia sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mmoja kuyauza makao ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Nne, kiwanja kikiisha kupimwa, ombeni hati, ambayo kwa kawaida huwa ya miaka 33, 66 au 99. Kama bado hakijapimwa, ulizeni habari za leseni ya makazi, iliyowekwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999.

Na ninyi mabinti, sheria hiyohiyo yasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuitumia na kuiuza. Mkichangia matofali, jina lenu nalo liandikwe katika karatasi. Mjane asiye na jina lake huona taabu kubwa kuthibitisha kwamba na yeye alijenga.

Basi jawabu langu kwa vijana ni hili: mtu wa miaka 18 aweza kufanya mkataba, na tangu hapo aweza kuanza. Msihesabu umri wenu siku ya kuhamia. Uhesabuni siku mtakayokipata kiwanja kisicho na ugomvi, nayo karatasi yake imo mikononi mwenu.