Picha ya Pande Zote Itunze Alama ya Maji

Ndugu wakazi wa Garsen na Kaunti nzima ya Tana River,

Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliacha picha nyingi kwenye simu. Nyingi zinaonyesha ukuta mmoja au mtumbwi mmoja. Aliye mbali hajui soko liko upande gani, wala maji yalitokea wapi. Picha ya uhalisia pepe huondoa shaka hiyo: mtazamaji hugeuza simu akaona pande zote, kana kwamba amesimama pale.

Kamera ya gharama kubwa si lazima. Simu yenye lenzi pana hufungwa wima kwenye stendi. Hupigwa picha 8 kuzunguka, moja juu na moja chini, kila picha ikirudia theluthi ya ile iliyotangulia. Mwangaza usibadilishwe. Kosa la wengi ni kuzunguka wao huku mkono umenyoosha simu mbele. Kinachotakiwa kubaki mahali pamoja ni lenzi, la sivyo mlango ulio karibu utaonekana umekatika. Programu ya bure kama Hugin huziunga.

Delta ina ugumu wake. Programu hutafuta alama zinazofanana, na maji matupu hayana alama. Stendi iwekwe karibu na mwembe, nguzo au paa. Picha ya pili ipigwe papo hapo wakati wa kiangazi. Bila hiyo, kina cha maji hakisomeki. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kwanza, hasa vyombo vyake vikiwa vimelala nje.