Maneno Madogo ya Wema na Nafasi Yake Katika Huduma na Ujirani: Mfano wa Songea, Mkoa wa Ruvuma

Maneno madogo ya wema ni semi fupi, aghalabu za neno moja hadi matatu, ambazo msemaji humwelekezea mwenzake bila kudai chochote, kwa nia ya kuitambua hali aliyomo, iwe ni uchovu, msiba, safari, ugonjwa au furaha. Katika Kiswahili kinachosemwa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, semi hizo ni pamoja na pole, hongera, karibu, asante na salamu zenyewe, nazo hutamkwa mara nyingi mno kwa siku, kiasi kwamba wengi huziona kuwa mazoea yasiyo na uzito. Makala hii inashikilia kinyume chake: neno dogo la wema humwinua mtu kwa sababu linautaja mzigo wake mahususi, na pale lisipoutaja, hata likitamkwa kwa sauti tamu, nguvu yake hupungua.

Wataalamu wawili waliligusa suala hili kwa njia tofauti. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyewahi kufanya utafiti katika Visiwa vya Trobriand, alieleza kuwa yapo mazungumzo ambayo kazi yake si kupashana habari bali kuwaunganisha watu, kama vile kujuliana hali, na kwamba katika mazungumzo hayo maana ya maneno yenyewe haina umuhimu mkubwa. Naye mwanafalsafa J. L. Austin wa Uingereza, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake, alionesha kwamba kusema ni kutenda, yaani mtu anapoahidi, anapoomba radhi au anapopongeza, haelezi tendo bali analifanya. Tendo la namna hiyo ndilo linaloitwa kitendo usemi.

Hoja ya Austin inaafikiana na mazingira ya Songea bila shida, lakini ile ya Malinowski haitoshi. Mkulima wa Namtumbo aliyeleta mahindi mjini msimu wa mauzo, akalala na magunia yake akisubiri zamu ya mizani, huambiwa pole na foleni. Mwendesha bodaboda aliyelowa huambiwa pole na mvua. Mama lishe anayewasha moto alfajiri ya mwezi Juni, wakati baridi ya Songea inapouma, huambiwa pole na baridi. Kile kinachofuata baada ya pole ndicho kinachomthibitishia msikilizaji kwamba ameonekana, kwa kuwa hakuna anayeweza kuutaja mzigo wa mwenzake kabla ya kumtazama.

Jambo hili hudhihirika zaidi hospitalini, na hapo ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini kuliko mahali pengine popote. Hospitali za Songea na ile ya misheni ya Peramiho hupokea wagonjwa kutoka vijijini, wakiwamo wazee waliozoea zaidi Kingoni, Kindendeule, Kimatengo au Kiyao, ambao hufika mbele ya muuguzi kijana wakiwa wamepoteza karibu kila kinachowapa heshima nyumbani kwao. Muuguzi anaposema shikamoo na kusubiri marahaba, humrudishia mzee cheo chake cha mzazi kabla hajageuka kuwa namba ya faili. Salamu hiyo ni ya watu wawili, kwani haikamiliki bila jibu, na katika kujibu mgonjwa hupata nafasi ya kwanza ya kusikika. Mzee aliyeamkiwa hivyo na kuulizwa kwa upole huona wepesi wa kueleza hata yale ambayo angeyaficha, kama vile dawa za asili alizokunywa kabla ya kufika, na taarifa hiyo ni sehemu ya tiba yenyewe.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wema wa maneno ni lazima uwe na sura ya upole. Utani, yaani uhusiano wa kimila unaowaruhusu watu wa makabila mawili kutupiana maneno ambayo kwa mwingine yangekuwa matusi, ni ushahidi wa kutosha. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, huitana watani. Msibani mtani huigiza mwendo wa marehemu, huiga sauti yake, hudai ujira mdogo ndipo mambo yaendelee, na wafiwa ambao tangu usiku hawakuwa wamenyanyua vichwa hujikuta wakicheka. Hapa pia kinachofariji ni umahususi, kwa kuwa mtani hamtaji mfu yeyote tu, bali humtaja yule aliyefariki, kwa tabia zake zilizojulikana na wote.

Kwa kipimo hicho hicho inawezekana kuitenga pole ya wema na pole ya kumfukuza mtu. Mwananchi aliyesafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tunduru kufuatilia shauri lake katika ofisi ya mkoa, kisha akaambiwa "pole, njoo kesho", hajatendewa wema wowote, kwa sababu msemaji hakuutazama umbali, nauli wala mahali pa kulala. Karani mwenye kujali, hata akiwa hana uwezo wa kumaliza shauri siku hiyo, humpa pole ya safari, humweleza kwa nini mhusika hayupo na siku atakayorudi, kisha huandika namba ya simu ili mgeni aulize kabla ya kupanda basi tena. Mikataba ya huduma kwa mteja inayobandikwa kwenye kuta za ofisi hutaja muda wa kujibu barua, lakini ustadi huu wa karani mtumishi mpya huachiwa auokote mwenyewe; nafasi yake ni katika mafunzo elekezi ya wiki za kwanza kazini, yakiongozwa na watumishi wazoefu wa dirishani na mapokezi, ambao wanaufahamu kuliko mkufunzi yeyote wa kutoka nje.