Mwaka wa Maandalizi Kabla ya Shahada ya Sayansi ya Jamii Uingereza

(Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne)



Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mawakala wa vyuo vya ng'ambo huanza kupiga simu. Mzazi huambiwa kwamba mtoto wake amepata nafasi ya kusomea sosholojia, siasa au saikolojia Uingereza, ila kwanza apitie mwaka mmoja wa maandalizi, ule ambao mawakala huuita faundesheni. Kabla shamba halijauzwa, inafaa mzazi ajue mwaka huo ni wa nini, naye kijana ajue atakutana na nini huko.

Mwaka huo haukuwekwa kwa sababu mtoto wa Kenya ni mjinga. Uingereza, mwanafunzi kwa kawaida huingia chuo kikuu baada ya miaka 13 shuleni, na miwili ya mwisho husoma masomo machache kwa kina, yaani A-Level. Wa 8-4-4 amesoma miaka 12, tena masomo mengi kwa pamoja. Wazee waliosoma hadi kidato cha sita, chini ya mfumo uliokuwepo kabla ya 1985, hawakuwa na pengo hili. Watoto wa CBC walioingia gredi ya 10 Januari 2026, hata wale wa mkondo wa sayansi ya jamii, nao watamaliza baada ya miaka 12 ukiacha chekechea. Kwa hivyo swali hili haliishi na 8-4-4.

Kinachowashinda wengi si Kiingereza. Ni namna ya kujibu. Katika mtihani wa Historia na Serikali, kijana amezoea kuulizwa ataje sababu tano. Akizitaja zote, anapata alama zake na kuendelea. Katika mwaka wa maandalizi hupewa swali moja na majuma kadhaa ya kuandika insha ya kurasa nyingi. Mwalimu hataki orodha. Anataka kuona sababu ipi ina uzito kuliko nyingine, ushahidi uko wapi, na mwanafunzi anamjibuje anayepinga. Tena kila wazo alilolitoa kwa mwingine lazima aseme limetoka wapi. Asiposema, huo ni wizi, na adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa.

Mfano upo hapa hapa nchini. Mwaka 1998, mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulianza katika shule 75 za msingi huko Busia. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walilinganisha shule zilizoanza mapema na zilizosubiri, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba utoro ulipungua kwa takribani robo. Kremer ni mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Lakini mwaka 2015 watafiti wengine walizichambua takwimu zile zile upya na kutilia shaka baadhi ya matokeo. Nani yuko sahihi, na kwa nini? Kijana anayeona swali hilo linamkosesha usingizi anafaa kusomea sayansi ya jamii. Anayeona ni kelele tupu, heri atafute fani nyingine mapema.

Hesabu nayo haikwepeki. Wapo wanaochagua sosholojia ili waikimbie, kisha wanakutana na takwimu muhula wa kwanza.

Maandalizi hayo yanaweza kuanza nyumbani, bila karo. Kijana achukue Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, asome sehemu moja tu, tuseme maji. Kisha ahudhurie kikao cha maoni ya umma, aandike wananchi wanasema nini kuhusu maji hayo. Afungue takwimu za sensa ya 2019 za kaunti yake, aone zinakubaliana na nani. Baada ya hapo aandike kurasa tatu zenye msimamo mmoja, ampe mwalimu wake azikosoe bila huruma. Akifanya hivyo mara nne kabla ya kuondoka, atakuwa amewatangulia wengi.

Sasa fedha. Serikali ya Uingereza ilishusha kikomo cha karo ya mwaka huu kwa masomo kama haya hadi pauni 5,760 kuanzia mwaka wa masomo wa 2025/26, lakini ni kwa wanafunzi wa nyumbani katika vyuo vya England. Mkenya hahusiki. Yeye aghalabu hutozwa zaidi ya pauni 12,000, na kwa shilingi 170 kwa pauni hiyo ni zaidi ya milioni 2, kabla ya chakula na pango. Ada ya afya ya viza ni pauni 776 kwa mwaka. Ahadi ya kwamba mtoto atajilipia kwa kazi isiaminiwe: anayesoma kozi ya chini ya kiwango cha shahada huruhusiwa kufanya kazi saa 10 tu kwa wiki wakati wa muhula. Saa 20 ni za walio kwenye shahada.

Cheti cha mwaka huo pekee si shahada. Baadhi ya vyuo huunganisha mwaka huo na shahada yenyewe. Vingine hutaka mwanafunzi afikishe alama fulani kwanza, na asipofikisha, fedha zimekwenda.

Aliyepata C+ au zaidi anaweza kuingia chuo kikuu hapa nchini moja kwa moja, kisha baadaye kuomba shahada ya uzamili ya mwaka mmoja Uingereza. Ufadhili wa Chevening hulipia masomo hayo kwa anayechaguliwa. Mwaka wa maandalizi haulipii. Kwa familia nyingi njia hii ina nafuu. Aliyepata chini ya C+ aulize kwanza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama shahada atakayorudi nayo itatambuliwa Kenya, na apate jibu kwa maandishi.

Kwa atakayeamua kwenda, alama zinazohitajika ili kuvuka hadi mwaka wa kwanza, na utaratibu wa kurudishiwa karo viza ikikataliwa, viombwe kwa barua kutoka chuo chenyewe, si kwa wakala.