Hata Tukibaki Watatu



Nimeombwa niseme habari za ahadi za Mungu. Nitasema, ila tusidanganyane: ibadani tumepungua. Vijana wameshuka Same, wengine wako Dar es Salaam, na kwaya imebaki na sisi wenye magoti mabovu.

Lakini milima hii ilishaona hayo. Wamisionari wa Leipzig walifika Shigatini mwaka 1900. Baada ya Vita Kuu, mwaka 1920, Waingereza wakawaondoa Wajerumani wote. Nani alibaki? Walimu wenyeji na waumini wao. Wakaendelea kusali, wakafundisha watoto. Wamisionari waliporudi katikati ya miaka ya 1920, sharika walizikuta.

Katika Mathayo 18:20 Bwana hakuahidi umati. Aliahidi kuwapo hata kwa wawili au watatu. Mnakumbuka mwaka wetu wa tatu? Siku ile tulifika wanne tu, na mmoja hakuwa na hisa (alikuja kutuaga, jamani!). Sanduku tulilifungua vilevile, tukaandika kitabuni.

Basi Jumapili kengele itapigwa kama kawaida. Anayeweza ampitie bibi wa jirani, njia ina utelezi.