MSINGI ULIOBAKI

Somo: Waebrania 11:8-10



Huenda nyumbani kwako iko picha ya zamani, ukutani au ndani ya Biblia, na kila uitazamapo moyo wako hujaa hamu. Leo nataka kuwaeleza habari za picha za namna hiyo, zinazopendwa na watu wa mbali, huko Marekani.

Katika jimbo la California iko bustani kubwa ya starehe iitwayo Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1955. Mwaka 1957 ilifunguliwa humo nyumba ya ajabu, wakaiita Nyumba ya Wakati Ujao. Ilikuwa nyeupe, ya plastiki, na vyumba vyake vilitokeza pande nne kama mabawa. Jikoni mlikuwa na jiko la maikrowevu, kitu ambacho wengi walikuwa hawajakiona. Mamilioni ya watu walipita humo, wakubwa kwa wadogo, wapate kuona maisha ya kesho.

Mwaka 1967 nyumba ile ilifungwa, ikabomolewa. Haikuwa dhaifu. Tufe zito la chuma lilipoipiga, lilidunda likarudi, na kazi iliyodhaniwa kuwa ya siku moja ikachukua wiki mbili. Hata hivyo nguvu zake hazikuiokoa. Watoto walioingia humo leo ni wazee, nao huzitazama picha zake na kutamani siku zile. Nyumba ya wakati ujao imekuwa ya wakati uliopita!

Mpendwa, kukumbuka si dhambi. Lakini Mhubiri 7:10 hutuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi. Mama aweza kumlilia mtoto wa pichani, na huku mwana mwenyewe, sasa mtu mzima, ameketi mlangoni akingoja neno moja tu la mamaye. Nasi wazee wa kanisa twaweza kusimulia siku za uamsho, jinsi tulivyokwenda mikutanoni kwa miguu tukiimba, tusiwaone vijana walioketi kiti cha nyuma leo hii. Je, ni nani aliyewasalimu Jumapili iliyopita?

Ibrahimu aliiacha nchi yake, akakaa hemani. Hakuililia nyumba aliyoiacha, wala hakutumainia kesho iliyojengwa na wanadamu. Macho yake yalikuwa kwenye mji ambao mjenzi wake ni Mungu.

Liko jambo moja zaidi. Nyumba ile ilipoondolewa, msingi wake wa zege haukung'olewa. Uliachwa palepale, na bustani ikapandwa mahali hapo. Paulo atuambia katika 1 Wakorintho 3:11 kwamba msingi wetu sisi ni Kristo. Siku njema unazoziona pichani zilisimama juu yake. Na siku ya leo, pamoja na taabu zake, yasimama juu yake yeye yule. Basi itunze picha yako, kisha inuka ukamwite mwanao.

Tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa siku zilizopita. Utusamehe tulipowapenda wa pichani kuliko walio hai. Utufundishe kujenga leo juu ya Mwanao, hata tufike nyumbani kwako. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.