Simu Mkononi, Jembe Begani

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Mazingira, Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Nakivale, Uganda



Kila tarehe 20 Juni tunakumbuka tulikotoka. Leo tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya kazi. Vijana wanatuuliza: je, mtu anaweza kusoma kwa simu, kisha akaajiriwa kulinda misitu, maji na udongo? Tunajibu kwamba inawezekana, kwa sharti moja: anayoyasoma kwenye simu ayafanye kwa mikono, mahali ambapo watu wanamwona.

Kwanza tuone kwa nini jambo hili linatuhusu. Nakivale inapokea wakimbizi tangu karibu mwaka 1960. Waliotangulia walitoka Rwanda, na baadaye tukafika sisi wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Lugha zetu ni nyingi, lakini sote tunapika, na wengi wetu tunapikia kuni au makaa. Ziwa Nakivale, pamoja na Ziwa Mburo na ardhi oevu inayoyazunguka, liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Mto Rwizi ndio unaoyalisha maziwa hayo. Tukilima mpaka ukingoni, mvua hubeba udongo wetu mpaka ziwani. Shamba linabaki mawe, na ziwa linajaa matope. Hapo mkimbizi na mwenyeji wote wanapata hasara.

Wenzetu wa Kivu ya Kaskazini wanakumbuka Goma ya mwaka 1994. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia huko kutoka Rwanda wakapangwa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, karibu na Hifadhi ya Virunga. Kila siku watu waliingia msituni kutafuta kuni. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu, kwa maana mama mwenye watoto wenye njaa atatafuta kuni popote. Tunasema kwa sababu tumeshaona mwisho wa jambo hili, na hatutaki kuuona tena hapa.

Sasa tuje kwenye masomo yenyewe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina chuo cha mtandaoni chenye kozi za misitu, udongo na maji. Mpango wa Umoja wa Mataifa uitwao UN CC:Learn una kozi za mabadiliko ya tabianchi. Kwa ninyi mliosoma Kifaransa huko nyumbani, shirika la IUCN lilianzisha mwaka 2015, kupitia mpango wake wa Afrika uitwao PAPACO, kozi za usimamizi wa hifadhi kwa Kifaransa na Kiingereza. Masomo hayo hutolewa bure. Kwa hiyo mtu akikudai pesa kwa simu ili akuandikishe, au akikuahidi cheti bila kusoma, jihadhari naye na utoe taarifa kwa kamati.

Bando ni ghali na umeme ni wa shida, tunajua. Tunashauri msome kwa makundi ya watu watano watano. Mmoja apakue somo, wote walisome pamoja, na anayejua Kiingereza au Kifaransa awafasirie wenzake kwa Kiswahili. Somo linaloelezwa kwa lugha mbili hukaa kichwani.

Baada ya somo, mtoke nje. Kozi itakufundisha kwamba mti hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka chini. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha shina, kisha gawa kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 63 ni kipenyo cha sentimita 20. Itakufundisha kwamba miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja huchukua miti 1,111. Nenda ukapime ploti kwa kamba uhakikishe. Itakuonyesha namna ya kutafuta mstari wa kontua kwa fremu ya A: fito tatu, kamba na jiwe. Vyote hivyo vinapatikana hapa. Chimba mtaro kwenye mstari huo, subiri mvua, uone kama maji yametulia au yamevunja tuta. Na ukijifunza kwamba mikalitusi hunywa maji mengi, usiipande kwenye kinamasi hata kama inakua haraka.

Kazi za kuanzia ni zipi? Ni kutunza kitalu cha miche, kuhesabu na kupima miti iliyopona baada ya kiangazi, kufundisha familia kujenga majiko yanayopunguza kuni, kusimamia taka na mbolea ya mboji, na kulinda kingo za mito na ziwa. Ni kazi ndogo, lakini ndizo mlango. Mwajiri atauliza: umefanya nini? Mwenye daftari la miche yake, lenye tarehe ya kupanda na idadi iliyopona, atakuwa na jibu. Mwenye cheti peke yake atanyamaza.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi. Haki hiyo haina faida ikiwa hatuna ujuzi. Na anayetaka kuendelea mbele ajue kwamba Chuo cha Misitu cha Nyabyeya, Masindi, kinafundisha fani hii darasani na msituni. Kozi ya simu haichukui nafasi ya chuo, ila inakuandaa.

Tunawaomba wazazi wasiwaache mabinti nyuma. Wao ndio wanaotembea kutafuta kuni, na wanajua mti upi umekwisha na upi umebaki mbali. Binti mwenye ujuzi huo akipewa simu kwa saa mbili kila jioni, atakuwa mwalimu wetu.

Tunawaomba mashirika yanayotusaidia: mnapoanzisha kitalu, wachukueni kwanza vijana waliosoma hapa, wakimbizi na wenyeji pamoja, na muwape msimamizi wa kuwaelekeza na barua ya kuthibitisha kazi waliyofanya.

Nanyi vijana, wengine mtarudi nyumbani, wengine mtahamia nchi za mbali, wengine mtazeekea hapa. Kila mahali pana udongo na maji yanayohitaji kulindwa. Mvua za mwezi wa tisa zinakuja. Anayetaka kuanza, aje kwa kamati na daftari lake, na jembe kama analo.