Sindano ya Vitamini D: Kabla ya Kuchoma, Tuulize Mfupa Umekosa Nini

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wahudumu wa afya, Natta, Wilaya ya Serengeti



Nianze na mama mmoja. Alikuja akiwa amembeba mgongoni mtoto wa miaka mitatu, umri ambao mtoto alipaswa kuwa anakimbizana na wenzake. Alipomshusha, mtoto alisimama akashikilia kanga ya mama yake. Magoti yalikuwa yameachana kiasi cha kupitisha ngumi yangu na vidole viwili juu yake. Vifundo vya mikono vilikuwa vinene kana kwamba amevalishwa bangili chini ya ngozi. Nilipopitisha kidole kifuani, nilihisi vinundu vimepangana kwenye mbavu kama shanga za rozari.

Mama alifungua pindo la kanga akatoa ampuli mbili tupu. Mtoto alikuwa ameshachomwa "sindano za mifupa" mara mbili, miezi miwili ikiwa imepita kati ya moja na nyingine. Kila ampuli ilikuwa ya vitamini D, yuniti 300,000. Mbuzi wawili walikuwa wameuzwa. Akaniuliza, "Daktari, hii ya tatu utamchoma wewe?"

Sikumchoma. Nilimuuliza mtoto anakula nini. Uji wa mahindi asubuhi, ugali mchana, ugali jioni, mboga kidogo. Maziwa je? "Maziwa tunauza." Dagaa? "Mchuzi anapata, dagaa wenyewe wanamkwama." Jibu lake ndilo lililonifanya niandae mada hii.

Tukumbushane kidogo kazi ya vitamini D. Mfupa unajengwa kwa kalsiamu na fosforasi, na vitamini D ndiyo inayolisaidia tumbo kuyanyonya madini hayo kutoka kwenye chakula. Fundi anaweza kuwa hodari na akalipwa vizuri, lakini kama hakuna tofali wala saruji, ukuta hauinuki. Ukimchoma mtoto yuniti laki tatu huku sahani yake haina kalsiamu, umemwongeza fundi mwingine kwenye kiwanja kitupu.

Hilo limepimwa, tena Afrika. Mwaka 1999 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Jos, Nigeria, kwa watoto 123 wenye matege ya lishe. Ni watoto wa nchi ya jua kama hawa wetu, na kalsiamu waliyokuwa wakiipata kwa siku ilikuwa kama miligramu 200 tu. Waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilichomwa vitamini D kwenye msuli, yuniti 600,000 mwanzoni na nyingine kama hizo wiki ya kumi na mbili. La pili lilipewa kalsiamu miligramu 1,000 kila siku. La tatu lilipata vyote viwili. Baada ya wiki 24 watoto waliokaribia kupona kabisa kwa kipimo cha damu na cha picha walikuwa asilimia 19 kwa waliochomwa sindano peke yake, asilimia 61 kwa waliopewa kalsiamu, na asilimia 58 kwa waliopewa vyote. Naomba kila mmoja aziandike namba hizo kwenye daftari lake. Sindano kubwa, mara mbili, na bado wanne katika kila watano hawakufika.

Mtu ataniuliza, je, sisi hapa tuna upungufu wa vitamini D? Natta ipo takribani nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Jua letu lina mionzi ya kutosha kutengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi mwaka mzima, si kama Ulaya ya kaskazini ambako majira ya baridi jua halifai kwa kazi hiyo. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya majirani zetu, Wamasai na Wahadzabe. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kutosha kwa mfupa ni kuzidi 50. Hao hawakuchomwa chochote. Walikuwa wanatembea juani, wakichunga na kuwinda.

Sisemi kwamba hapa hakuna mwenye upungufu. Yupo mtoto mwenye ulemavu anayeshinda ndani tangu asubuhi kwa sababu wazazi wanaona aibu au hawana wa kumbeba. Yupo mzee asiyeinuka kitandani. Yupo mwenye ugonjwa wa ini au figo, na hapo ieleweke kwamba vitamini D, iwe imetoka kwenye jua, kwenye kidonge au kwenye sindano, ni lazima ipite kwenye ini kisha kwenye figo ndipo ifanye kazi. Sindano hairuki hatua hiyo. Na kuna kundi tunalolisahau kabisa, nalo ni wagonjwa wetu wa kifafa. Fenobabitoni na fenitoini, dawa tunazozigawa kila mwezi, zinalifanya ini liivunje vitamini D haraka kuliko kawaida. Mgonjwa aliyemeza dawa hizo miaka kumi, akaanza kulalamika mifupa ya nyonga na kutembea kwa kuyumba, msimwambie ni uchovu wa jembe. Huyo anastahili kuchunguzwa.

Wala si kila matege ni matege ya lishe. Mtoto chini ya miaka miwili miguu kupinda kidogo, pande zote mbili sawasawa, ni kawaida, na hunyooka yenyewe. Akifika miaka mitatu au minne magoti yanaweza kugusana, nayo ni kawaida. Mguu mmoja ukipinda na mwingine ukabaki sawa, hiyo ni habari nyingine, apelekwe hospitali. Kisha kuna maji. Wenzetu wa miteremko ya Mlima Meru, pale Maji ya Chai, wanaijua floridi kwa macho: meno ya kahawia na watoto wenye miguu iliyopinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Ukiona watoto wa kisima kimoja wana meno ya kahawia, dawa ya kwanza ni kupima kile kisima. Vitamini D haiondoi floridi kwenye mfupa.

Sasa sindano yenyewe ina nafasi gani? Inayo, ila ni nyembamba. Mwongozo wa kimataifa wa matege ya lishe uliochapishwa mwaka 2016 unasema dawa ya mdomo ndiyo itangulie, kwa sababu inapandisha kiwango kwenye damu haraka kuliko sindano ya msuli. Najua hili linawashangaza wengi humu, maana sote tumekua tukiamini kwamba sindano ndiyo kali na kidonge ni cha kupozea. Kwa vitamini D ni kinyume: mafuta yake yanakaa kwenye msuli yakitoka polepole kwa wiki na miezi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anapewa yuniti 2,000 kwa siku. Wa mwaka mmoja hadi kumi na miwili, 3,000 hadi 6,000. Aliyezidi hapo, 6,000. Kwa muda usiopungua miezi mitatu. Wote wanapewa na kalsiamu miligramu 500 kwa siku. Ikiwa familia inatoka mbali, na tunajua mvua za masika zinavyoifanya njia, dozi moja kubwa inaruhusiwa: yuniti 50,000 kwa mtoto wa miezi mitatu hadi kumi na miwili, 150,000 kwa wa mwaka mmoja hadi kumi na miwili, 300,000 kwa aliyezidi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu haguswi na dozi kubwa. Rudini kwa mtoto wangu wa miaka mitatu mhesabu. Kila sindano aliyochomwa ilikuwa mara mbili ya stahili yake.

Sindano ibaki kwa yule ambaye tumbo lake halinyonyi, mwenye maradhi ya nyongo, aliyekatwa utumbo, anayetapika kila anachomeza. Na daktari awe ameamua.

Madhara yake nayo yasemwe wazi. Vitamini D ikizidi, kalsiamu inapanda kwenye damu. Mgonjwa anapata kiu isiyoisha, anakojoa sana, choo kinakuwa kigumu, anatapika, anachanganyikiwa, na figo zinaota mawe. Kidonge unaweza kukisimamisha leo. Mafuta uliyoyaingiza kwenye msuli huyatoi. Halafu kuna sindano yenyewe kama chuma. Wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, kuna watoto wengi ambao misuli ya makalio imekakamaa wasiweze kuchuchumaa, na wengine mguu umepooza kwa sababu mshipa mkubwa wa fahamu uliguswa. Walichomwa makalioni, hasa kwinini, na watu waliotaka kuwasaidia. Mtoto mdogo achomwe pajani, upande wa nje. Duka la dawa si mahali pa kuchomea sindano.

Kwa wazee nitasema kwa ufupi. Maumivu ya mgongo ya mtu aliyelima miaka hamsini si ushahidi wa upungufu wa vitamini D. Uingereza wazee 9,440 walichomwa yuniti 300,000 au sindano isiyo na dawa kila mwaka kwa miaka mitatu. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha mifupa iliyovunjika haikupungua. Australia wanawake 2,256 wa miaka 70 na zaidi walipewa, kwa mdomo, yuniti 500,000 kwa mpigo mara moja kwa mwaka au dawa bandia, na mwaka 2010 ikaripotiwa kwamba waliopata vitamini walianguka na kuvunjika zaidi ya wenzao. Mzee wetu anahitaji fimbo nzuri, taa usiku na chakula kabla ya kuhitaji ampuli.

Nirudi kwenye sahani, maana dawa ya yule mtoto ilikuwa humo. Ulezi ambao bibi zetu waliusaga kwa jiwe una karibu miligramu 340 za kalsiamu katika gramu 100; mahindi hayakaribii hapo. Bakuli la uji lenye gramu 50 za unga wa ulezi linampa mtoto kama 170. Kikombe kimoja cha maziwa kinampa karibu 300. Hapo tumeshafika 470, na hatujagusa dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria wanapanda hadi kwenye masoko yetu kila wiki. Ikiwa wanamkwama, wakaangwe kavu, watwangwe kwenye kinu pamoja na mifupa yao, vijiko viwili vichanganywe kwenye uji au mboga. Ulezi ukichachushwa au ukioteshwa kwanza, kile kinachoyashika madini hupungua na tumbo hunyonya zaidi. Mama zetu walijua kuchachusha uji tangu zamani. Walifanya hivyo kwa ladha, lakini mifupa ilifaidika.

Yule mama nilimwomba jambo moja: katika maziwa anayouza, kikombe kimoja kibaki nyumbani kila siku. Nilimpa na vidonge vya kalsiamu. Mwezi wa sita picha ya eksirei ilionyesha ncha za mifupa zimeanza kukaza, na mtoto aliingia chumbani kwa miguu yake.

Ombi langu kwenu ni hili. Kila mtoto anayekuja kliniki, shikeni vifundo vya mikono yake, pitisheni kidole kwenye mbavu, muulizeni mama kuhusu maziwa na dagaa. Na kila vitamini D anayopewa, ya mdomo au ya sindano, iandikwe kwenye kadi: tarehe, yuniti ngapi, na aliyetoa. Yule mtoto alikuwa na yuniti laki sita mwilini, na kadi yake haikuwa na mstari hata mmoja.